Uzi: Neno la lugha ya pili linaeleweka kichwani, je mwili nao unalipokea? Wadau wa Dodoma na kanda ya kati karibuni

Mbuyu wa Bahi (mwenye uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa mkoani Dodoma, na kuna kitu nimekuwa nakifuatilia muda sasa nimeona nikilete hapa maana kinatuhusu sisi wa kanda ya kati kuliko watu wengi. Huku kwetu mtoto anazaliwa ndani ya Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kiburunge, akianza darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, akifika fomu wani anaambiwa kuanzia leo mapigo ya moyo, umeme, mmomonyoko wa udongo, vyote kwa Kiingereza. Lugha ya tatu hiyo. Alafu tukikaa kubishana kuhusu lugha ya kufundishia mjadala unaishia palepale, ameelewa hajaelewa, amefaulu amefeli. Kuna swali tunaliruka na mimi naliona ndo kubwa: neno la lugha ya pili likishaeleweka, mwili unafanya nini?

Najua swali linaonekana la ajabu, nivumilieni, uzi utakuwa mrefu.

Wengi tulifundishwa kwamba lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, sehemu mbili, ile ya mbele aliyoieleza Paul Broca kule Paris mwaka 1861 baada ya kumchunguza mgonjwa ambaye karibu kila akifungua mdomo kilichotoka ni silabi moja tu, "tan", na ile ya nyuma aliyoieleza Carl Wernicke mwaka 1874. Hayo ni kweli ila hayatoshi. Mwaka 2004 Olaf Hauk, Ingrid Johnsrude na Friedemann Pulvermüller wakiwa Cambridge waliwalaza watu kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha ya ubongo ukiwa kazini, wakawa wanasoma maneno ya vitendo, kulamba, kuokota, kupiga teke, wamelala kimya hawasogezi hata kidole. Neno la mguu likaamsha lile eneo la ubongo linaloendesha mguu au pembeni yake kabisa, la mkono likaamsha la mkono, la ulimi likaamsha kule kwenye uso na mdomo. Yaani mtu anasoma tu na sehemu inayoamrisha misuli inashtuka. Hata pua inaingia humo: mwaka 2006 kule Hispania Julio González na wenzake waliwasomesha watu maneno ya vitu vyenye harufu kali kama mdalasini, na maeneo ya ubongo yanayoshughulika na harufu yakaamka wakati hapakuwa na mdalasini wowote mle ndani.

Kwanini iwe hivyo? Donald Hebb mwaka 1949 alisema seli za ubongo zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara zinaimarisha muunganiko wao. Mtoto wa Kigogo neno la kutwanga analisikia huku mchi unalia kwenye kinu, anaona mabega ya mama yanapanda na kushuka, vumbi la uwele linamuingia puani, baadae kidogo na yeye anapewa mchi mikono inamuuma. Hiyo inajirudia mwaka mzima, miaka yote. Ni kama njia ya ng'ombe, kila kundi likipita inachimbika zaidi mpaka hata ng'ombe mgeni akija anaifuata yenyewe. Sasa neno hilohilo la Kiingereza huyu mtoto kalipatia wapi? Ubaoni. Kaliandika kwenye daftari, pembeni yake kaandika maana kwa Kiswahili, kalikariri kwa ajili ya mtihani, basi.

Na hii sio hisia zangu tu. Judith Kroll na Erika Stewart mwaka 1994 walipendekeza kwamba mtu anapoanza lugha ya pili neno geni linapitia kwanza mlango wa neno la lugha yake ya kwanza ndo lifike kwenye maana, na njia ya moja kwa moja inajengeka kadri anavyoizoea. Alafu mwaka 2014 Nikola Vukovic na Yury Shtyrov waliwapima Wajerumani wanaojua Kiingereza, wakawa wanasoma vitenzi vya lugha zote mbili huku umeme wa ubongo unarekodiwa. Maeneo ya misuli yaliitikia lugha zote, ila Kijerumani kiliitikiwa kwa nguvu zaidi. Kumbukeni hapo, lugha ya pili haikukosa mwili kabisa, ilikuwa nao ila kwa unyonge.

Naenda kwenye jasho sasa, naendelea hapo chini.

Mbuyu wa Bahi

Naendelea.

Ngozi ya viganjani na vidoleni ina tezi nyingi sana za jasho na hizo haziamrishwi na wewe, zinaamrishwa na mfumo wa neva wa dharura, uleule unaokupandisha mapigo ukikanyaga nyoka. Ukishtuka hata kidogo tu jasho linaongezeka kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho, ngozi inapitisha umeme vizuri zaidi, na kifaa chenye elektrodi mbili vidoleni kinasoma hiyo tofauti ndani ya sekunde chache. Kudanganya hapo ni kazi ngumu.

Mwaka 2003 Catherine Harris, Ayşe Ayçiçeği na Jean Berko Gleason walitumia njia hiyo kwa Waturuki waliojifunza Kiingereza wakiwa wakubwa na wanaishi Marekani. Waliwasikilizisha na kuwasomesha maneno ya kawaida, matusi, na zile karipio za utotoni, kama mzazi anavyomkemea mtoto. Kwa Kituruki ngozi ilishtuka zaidi, na kilichojitokeza kwa nguvu ni karipio. Watu hawa Kiingereza wanakijua, maana ya sentensi wanaipata yote, lakini lile karipio la Kiingereza halikuwa na mama nyuma yake.

Hapo ndo nilipo mimi. Nasema hivi: kuelewa kuna tabaka, na sisi shuleni, hospitalini na kwenye ofisi za mikopo tunapima tabaka la juu tu alafu tunadhani tumemaliza. Karibuni mnipinge au mniongezee.

Hoja Nzito

Mwalimu uzi mzuri, hongera kwa kujitoa, ila kuna sehemu sikubaliani. Baba yangu mdogo alipata kiharusi, upande wa kulia wote umelala, mkono hauinuki mguu hauinuki. Ukimwambia fulani kakimbia anaelewa vizuri kabisa, ukimwambia kuna mtu kapiga mpira anaelewa na anauliza timu gani. Kama maana inakaa kwenye misuli yeye ilibidi asielewe. Na huko kwenye MRI kuamka kwa eneo hakuthibitishi kwamba eneo hilo ndo limefanya kazi ya kuelewa, inawezekana umeelewa kwanza alafu mwili ukaitikia baadae. Tusije tukajenga sera ya elimu kwenye mwangwi.

Mbuyu wa Bahi

Hoja Nzito asante mkuu, na pole kwa baba mdogo. Hoja yako ni halali kabisa na ina wenyewe, Bradford Mahon na Alfonso Caramazza waliiandika mwaka 2008 karibu hivyohivyo, kwamba kuitikia kwa misuli kunaweza kuwa matokeo ya kuelewa na sio kuelewa kwenyewe.

Nijibu sehemu mbili. Ya kwanza, kiharusi kikilaza mkono sio lazima kiwe kimefuta yote yanayohusu mkono, mara nyingi kinakata njia inayoshusha amri kwenda kwenye misuli huku sehemu kubwa za kupanga na kukumbuka kitendo zimebaki. Na maana haikai sehemu moja. Karalyn Patterson na wenzake mwaka 2007 walieleza picha ambayo mimi naikubali: kuna eneo la kukusanya, liko sehemu ya mbele ya upande wa pembeni wa ubongo, nyuma ya paji kwa chini karibu na sikio, na kuna matawi yanayotoka humo kwenda kwenye kuona, kusikia, kunusa, kutenda. Wagonjwa ambao eneo hilo la kukusanya linasinyaa wanapoteza maana ya vitu taratibu, mwanzo anachanganya pundamilia na farasi, mwishoni kila mnyama kwake ni mbwa. Tawi moja likiumia mti haufi. Baba mdogo eneo la kukusanya analo, na matawi mengine anayo.

Ya pili, ulipouliza kama misuli inafanya kazi kweli au inaitikia tu, kuna jaribio la mwaka 2021 la Brian Mathias, Katharina von Kriegstein na wenzao kule Ujerumani ambalo nalipenda sana kwa sababu linahusu lugha geni hasa. Watu walifundishwa maneno ya lugha iliyotungwa, mengine huku wanafanya ishara ya mwili inayoendana na maana, mengine huku wanaangalia picha. Baada ya hapo wakawekewa kifaa cha sumaku nje ya fuvu kinachovuruga kwa muda eneo linaloendesha misuli. Kutafsiri maneno waliyojifunza kwa ishara kukawa kwa taabu zaidi, taabu ambayo haikuonekana kwa yale ya picha. Kama misuli ingekuwa mwangwi tu, kuivuruga kusingegusa tafsiri.

Kwahiyo nakubali nusu yako: maana haiishi kwenye misuli peke yake. Lakini namna ulivyolipata neno inaamua ni matawi gani litakuwa nayo.

Hoja Nzito

Hilo la sumaku sikulijua. Hapo nimekuelewa, nabaki na wasiwasi kwenye maneno ya kufikirika kama haki na mamlaka ila endelea mwalimu.

FundiGia

Wakuu mimi ni fundi magari, gereji yetu iko njia ya kwenda Singida. Elimu yangu ni darasa la saba. Niliposoma hapo juu kuhusu ubaoni na mchi nikaona nichangie. Sisi gereji maneno yetu karibu yote asili yake Kiingereza, gasketi, pistoni, klachi, nozo, beringi, plagi, spana namba kumi na tatu. Hakuna aliyenifundisha maana yake kwa maneno. Bosi alikuwa anasema lete kitu fulani ukileta sicho unarudishwa, ukileta chenyewe unakishika, kizito, kina grisi, kimekatika hapa, ndo umejua. Saivi mtu akipiga simu tu akaniambia klachi inateleza mguu wangu wa kushoto unahisi pedali ilivyo, nishajua kabla sijaiona gari. Sasa wanakuja vijana wa fild wamesoma, anakutajia pistoni ni nini kwa sentensi ndefu ya Kiingereza iliyonyooka kabisa, ukimwambia ingiza mkono uniambie ringi ya ngapi imeisha anabaki anakutazama. Sio wajinga, wana akili sana na wakikaa miezi wanatushinda. Ila lile neno walilokuja nalo lilikuwa halijawahi kushikwa.

Mbuyu wa Bahi

FundiGia ubarikiwe sana, nilitamani mtu wa gereji aje kwenye huu uzi.

Wadau angalieni, huyu hapa maneno ya asili ya kigeni yameingia mwilini bila shida yoyote. Kwahiyo ugeni wa neno peke yake haumnyimi mtu mwili. Mwaka 2014 Carolin Dudschig na wenzake kule Tübingen waliwapima Wajerumani waliojifunza Kiingereza shuleni tu, kwa maneno ya vitu vya juu kama nyota na vya chini kama mizizi. Neno la juu liliharakisha mkono kwenda juu, la chini kwenda chini, hata kwa Kiingereza cha shule. Mlango upo wazi. Tatizo letu ni namna tunavyoingiza.

Na njia za kuingiza zimejaribiwa. James Asher kule Marekani tangu miaka ya 1960 alikuwa anafundisha lugha kwa kuamrisha watu wasimame, watembee, wafungue mlango, mwanafunzi anajibu kwa mwili kabla hajalazimishwa kujibu kwa mdomo. Manuela Macedonia amefanya kazi kubwa kwenye ishara, na mwaka 2011 yeye na wenzake walionyesha kitu muhimu kwa walimu: ishara lazima iendane na maana. Ukipunga mkono ovyo huku unasema neno, faida haiwi ileile. Katja Mayer na wenzake mwaka 2015 wakaonyesha watu wazima waliojifunza maneno kwa ishara bado walikuwa wanayakumbuka vizuri zaidi miezi kadhaa baadae kuliko waliyoyasikia tu. Kwa watoto wa miaka minane picha nazo zilisaidia sawa na ishara, kwahiyo mwalimu wa msingi asiyependa kurukaruka ana njia nyingine.

Hoja Nzito, maneno ya kufikirika yamo. Kwenye majaribio ya ishara walitumia na maneno yasiyoshikika na yalinufaika pia. Mimi darasani kwangu mfano nafundisha osmosisi, yaani maji kuvuka utando kutoka yalipo mengi kwenda yalipo machache, hilo neno halina mkono wala mguu. Natenga wanafunzi pande mbili za mstari wa chaki, upande mmoja wengi upande mmoja wachache, maji ni wao wenyewe, wanavuka kwa kubanana huku wanataja jina la kitu kwa Kiingereza kwa sauti. Vumbi la uwanja wetu mnalijua lilivyo, lakini neno linakaa. Alafu ndo tunarudi ndani tunaandika ile maana ya mtihani. Kinachoniuma ni kwamba darasa lenye watoto wengi na vipindi vifupi linamsukuma mwalimu abaki ubaoni, na hao hao watoto wa Kigogo nyumbani wamekulia kwenye ngoma ambayo kila kitu kinafundishwa kwa bega na mguu. Muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, hakuna mama aliyejifunza kwa kunakili.

MtuWaMpwapwa

Mwalimu mimi ni Mgogo wa Mpwapwa ndani huko. Kiswahili nimekianza shule, kwahiyo kwa maelezo yako Kiswahili ni lugha yangu ya pili. Lakini nikitukanwa kwa Kiswahili nachemka vibaya mno, pengine kuliko Kigogo. Na mke wangu tunaambiana nakupenda kwa Kiswahili, Kigogo hata sijui ningeanzaje. Hii imekaaje, ngozi yangu imekosea?

Mbuyu wa Bahi

Haijakosea kaka. Waliofanya lile jaribio la jasho walirudi tena mwaka 2006 wakapima watu wanaoongea Kihispania na Kiingereza kule Marekani. Wale waliojifunza Kiingereza wakiwa wadogo ngozi yao haikutofautisha lugha, zote zilishtua. Waliochelewa kujifunza ndo walionyesha lile pengo. Wewe Kiswahili hukukipata kwenye kamusi, umekipata kwa kupigana uwanjani, kuchapwa, kucheza, kutongoza. Umri una nafasi yake kwa sababu utotoni mfumo wa hisia unajengeka sambamba na maneno, ila nafasi kubwa iko kwenye mazingira, je lugha ilikukuta ukiwa unaishi au ilikukuta ukiwa umekaa kwenye dawati.

Jean-Marc Dewaele na Aneta Pavlenko walikusanya majibu ya watu zaidi ya elfu moja wanaoongea lugha nyingi, kati ya mwaka 2001 na 2003, na kwa wengi wao matusi na neno la kupenda vilikuwa na uzito zaidi kwenye lugha ya kwanza, lakini walikuwepo waliohama, kwa sababu ya ndoa na kwa sababu ya kuishi kwenye lugha nyingine miaka mingi. Wewe ni hao. Kwahiyo wakuu tukisema lugha ya kwanza na ya pili tusihesabu tarehe tu.

Nesi wa Zamu

Shkamooni wakubwa, wadogo habari. Naomba niongee kwa upande wa wagonjwa. Nafanya kazi wodini hapa mjini, tunapokea wazee wengi kutoka vijijini, Bahi, Chemba, Chamwino. Bibi anakuja anaongea Kiswahili cha kutosha, ukimuuliza maumivu anajibu yapo kidogo tu, ukimueleza kwamba mguu itabidi ukatwe anaitikia sawa daktari, mtulivu kabisa, sisi tunaandika amekubali. Anaingia mjukuu wake anamrudia yaleyale kwa Kigogo, bibi anaanza kutetemeka na kulia na anasema hataki. Sio kwamba mjukuu kaongeza neno, nimewauliza. Wenzangu wanasema wazee ni vigeugeu. Mimi siamini hivyo na nimesoma huu uzi mpaka hapa nikapata baridi.

Mbuyu wa Bahi

Dada yangu hili ndo lingekuwa kichwa cha uzi.

Mwaka 2012 Yan Jing Wu na Guillaume Thierry kule Wales waliwapima Wachina wanaoongea Kiingereza. Wakisoma neno la Kiingereza la kawaida au la furaha, ubongo kimyakimya ulikuwa unaliamsha neno la Kichina la maana hiyo bila wao kujua. Neno la Kiingereza likiwa la kuumiza, lile la Kichina halikuonekana kuamka. Wao walilitafsiri kama ubongo kujikinga, habari mbaya inaeleweka ila haifunguliwi mlango wa ndani. Simpimi bibi yako kutoka huku niliko, lakini utulivu wake usomwe kwa tahadhari sana.

Kuna na upande wa maamuzi. Boaz Keysar na wenzake wa Chicago mwaka 2012 walichukua lile swali maarufu la dawa: ukimwambia mtu kwa lugha yake kwamba watu kadhaa wataokolewa anachagua njia ya uhakika, ukimwambia hesabu ileile kwa upande wa watakaokufa anahamia kwenye kubahatisha. Kwa lugha ya kigeni tofauti hiyo ilipotea, na kwenye kamari ndogondogo hofu ya kupoteza ikapungua. Albert Costa na wenzake mwaka 2014 wakauliza lile swali la treni inayokwenda kuua watu watano na njia pekee ni kumsukuma mtu mmoja kutoka darajani, na waliokubali kumsukuma walikuwa wengi zaidi kwa lugha ya kigeni kuliko kwa lugha yao. Kwa watu walioishi sana na lugha ya pili athari hii inafifia, kwahiyo sio sheria ya kila mtu.

Wapo wanaoshangilia, wanasema basi tufikirie kwa lugha ya kigeni tuwe na akili tulivu. Kwenye hesabu za biashara labda. Lakini hofu nayo ni taarifa. Mtu anayesaini kukatwa mguu au kuweka shamba la Hombolo rehani anatakiwa aiogope ile karatasi kwa kiasi chake halisi, na akiisikia kwa lugha isiyofika mwilini anasaini akiwa amekosa kitu ambacho hata yeye hajui amekikosa. Maoni yangu mimi, ridhaa ya mgonjwa irudiwe kwa lugha ya nyumbani kwake walau mara moja kabla ya saini, na mtu anayetafsiri asiwe mjukuu peke yake maana mjukuu naye ana maumivu yake.

Kwa maumivu ya kawaida, muombe bibi akuonyeshe kwa mkono yanavyokuja, yanachoma, yanavuta, yanapiga, mkono utasema kabla ya Kiswahili.

Nesi wa Zamu

Nimeelewa mwalimu. Wodini tuna mhudumu mmoja anaongea Kigogo na mwingine Kirangi, nitaongea na sista wa zamu tuwaombe wawepo wakati wa kusaini na sio baada. Kisandawe hatuna mtu kabisa, na wagonjwa wa upande wa Chemba wapo.

Mrangi Asilia

Nesi hilo la Kisandawe ni kubwa, maana Kisandawe na zile sauti zake za kugonga ulimi ni mbali kabisa na lugha zetu, huwezi kuokoteza ukaelewa. Ukisafiri kutoka Dodoma mjini kwenda Kondoa na Kolo unapita au unakaribia lugha za makundi manne yenye asili tofauti, za kibantu kama yetu, Kiburunge na Kialagwa za kikushi, za Wabarabaig na Wamasai ambazo ni za kinailoti, na Kisandawe. Tungetakiwa sisi kanda hii ndo tuongoze nchi kwenye haya mambo.

Mama Wawili

Mwalimu samahani nina swali la nyumbani. Mimi Mgogo mume wangu Mrangi, tunaishi mtaa wa Kisasa hapa Dodoma mjini. Mkubwa yuko inglishi midiam na mdogo ana miaka mitatu. Tuliamua nyumbani Kiingereza tu ili wasipate shida mbeleni. Wanaelewa. Ila nikimkemea mdogo kwa Kiingereza naona kama naongea na ukuta, na mimi mwenyewe sauti haitoki inavyotakiwa. Nikichanganya lugha nitamharibu?

Mbuyu wa Bahi

Mama Wawili huharibu kitu. Watoto wachanga wa siku mbili tu tayari wanaonyesha kuipendelea lugha ya mama yao kuliko lugha ngeni, Christine Moon na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1993, maana sauti yako ameisikia tangu tumboni. Na Karl Kim na wenzake mwaka 1997 walionyesha kwamba waliopata lugha mbili utotoni zinakaa sehemu moja zikipishana kwenye lile eneo la Broca, wakati waliopata ya pili ukubwani zimetengana kidogo. Ubongo wa miaka mitatu haujai.

Ninachokuomba ni hiki. Kumkemea, kumbembeleza, kumuogesha, kumlisha, mfanyie kwa lugha ambayo sauti yako inatoka yote. Baba naye kwa Kirangi chake. Kiingereza kisiondoke, ila kipeni kazi ya mikono, mpike naye mnataja vitu akivishika, mpande mchicha, mtengeneze baiskeli. Kikibaki cha katuni na cha madaftari kitabaki juujuu hivyohivyo hata akipata A.

Mama Wawili

Asante sana mwalimu. Bibi yao yuko Mvumi, tulikuwa tunaogopa kuwapeleka wasije wakasahau Kiingereza.

Mbuyu wa Bahi

Wapelekeni likizo ya Desemba, mvua zinaanza na watu wanalima. Mkubwa apewe jembe dogo, mdogo akae na bibi jikoni kwenye mlenda, na mwambieni bibi asiwaongeleshe Kiswahili kwa kuwahurumia. Wiki ya kwanza watalalamika. Nesi ukifanikiwa na sista rudi hapa utuambie, na mwenye kumjua mtu anayeongea Kisandawe aliyepo Dodoma mjini aandike hapa chini tumuunganishe na wodi.